Bingwa wa moyo akisafiri, kliniki abaki nani?

Kila mwisho wa Agosti maelfu ya madaktari wa moyo hukusanyika kwenye jiji moja la Ulaya kwa kongamano lao kuu. Wiki hiyohiyo, mama aliyetoka Rombo usiku wa manane kuwahi kliniki Moshi anaweza kuambiwa daktari amesafiri, arudi mwezi ujao. Shangazi yangu yalimkuta. Nauli imeshakwenda, na dawa zimebaki za siku chache. Wanaosema mabingwa watulie vituoni nawaelewa kabisa.

Tena mengi ya kule si ya kwetu. Vikao vingi huhusu vali za moyo (milango inayoelekeza damu) zinazopandikizwa kupitia mshipa wa paja, msaada mkubwa kwa mzee ambaye vali yake imekakamaa kwa umri. Wagonjwa wetu wa vali mara nyingi ni vijana. Waliugua koo utotoni, halikutibiwa, vali zikaharibika. Wanachohitaji kwanza ni sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, bila kukosa.

Lakini kwenye kongamano la Barcelona, Agosti 2022, jambo letu ndilo lililotangazwa. Utafiti wa INVICTUS ulihusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wote wenye ugonjwa huohuo wa vali na mapigo ya moyo yaliyovurugika. Walilinganisha warfarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda inayodai kipimo cha damu mara kwa mara, na rivaroksabani, kidonge kisichodai kipimo hicho. Wengi walitarajia kidonge kipya kisizidiwe. Kilizidiwa: waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache zaidi, wala hawakuvuja damu zaidi.

Mpinzani atanijibu kwamba matokeo hayo yalichapishwa siku hiyohiyo, na mtu angeweza kuyasoma akiwa Moshi. Ni kweli, na hapo hoja ya safari inayumba. Ila kuna swali ambalo jarida halikujibu: mgonjwa wangu akipimwa damu mara moja kwa miezi miwili kwa sababu ya nauli, warfarini bado inamfaa? Swali hilo anayeweza kuwauliza watafiti ana kwa ana ni daktari anayemjua huyo mgonjwa. Kwa ajili hiyo, aende. Kwa sharti moja: tarehe za kliniki zihamishwe mapema na wagonjwa wapigiwe simu. Simu moja ingemwokolea shangazi safari nzima.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba anayesafiri ni bingwa peke yake, ilhali anayesoma kipimo cha damu na kumweleza mgonjwa apunguze au aongeze kidonge mara nyingi ni muuguzi. Yeye Barcelona hafiki. Arusha angefika. Ukumbi wa Simba pale AICC, kituo cha mikutano kilichofunguliwa 1978, unachukua watu 1,350. Maelfu ya Ulaya hawaenei humo, lakini mkutano wa madaktari wa moyo wa Afrika, ambao chama chao PASCAR kipo tangu 1981, ungeenea. Kutoka Moshi ni kama kilomita 80: muuguzi angepanda Coaster alfajiri, akae kwenye vikao kutwa, na usiku alale kwake.