Mwizi wa mapera yangu ni bwana miti

Mwaka huu mpera wangu haukunipa hata ndoo moja. Naishi kwenye kilima cha mawe, upande ule wa Mwanza ambako nyumba zimepanda hadi karibu na kilele, na tumbili wa huko juu hujua pera limeiva kabla yangu. Asubuhi moja nilimkuta mmoja ukutani, mashavu yamemvimba kama mtu mwenye jino bovu. Nikaokota jiwe.

"Mwanangu," jirani yangu akasema, mama wa Kisukuma aliyeuona mtaa huu ukiwa pori, "mawe ya Mwanza hayaishi, na hao nao hawaishi."

Tumbili ana mifuko ndani ya mashavu. Huijaza matunda chapuchapu, akakimbilia penye usalama, akala taratibu na kutema kokwa hukohuko. Mbegu ndogo, kama za pera na kuyu, huzimeza. Baadaye hutoka na kinyesi, mbali na mti mama. Umbali huo ndio uhai wake, maana mbegu zikirundikana chini ya mti uliozizaa, panya, wadudu na ukungu huzimaliza. Halafu wanakuja dundu wanaoviringisha mavi, wanazifukia baadhi. Kazi yote hiyo bila posho!

Simpambi. Mbegu nyingine huzitafuna zikafa, na popo na ndege nao ni wapandaji hodari. Mbega ndiye kabisa: mla majani, na mbegu akizipata mara nyingi anazisaga. Ila kokwa kubwa ndege mdogo haziwezi, zinataka koo pana. Msitu ukiwindwa mpaka kima, nyani na sokwe wakaisha, miti mikubwa bado itasimama na ukipita utadhani mambo shwari. Angalia chini. Miche ya matunda makubwa inazidi kuwa adimu.

Hapa ziwani tunao mfano wa ajabu kidogo wa wapandaji walioletwa msituni. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wakifugwa Ulaya waliachiwa kisiwani Rubondo. Walizoea vizimba, lakini wakajifunza kula matunda ya msituni, na vizazi vyao bado vipo.

Sisi je? Kila masika tunapanda miche vilimani, tunapiga picha, na ikifika Agosti imekauka. Wakati huohuo tunakata mikuyu na kuwafukuza wapandaji. Tukienda kisiwani Saanane, mwendo mfupi tu kwa boti, tunawarushia tumbili biskuti ili tupate picha nyingine. Tumbili aliyeshiba biskuti atahangaika na kuyu kwa sababu gani?

Nyuma ya nyumba yangu kuna mkuyu ulioota kwenye ufa wa jiwe. Hakuna aliyeupanda. Mizizi imeteremka juu ya jiwe kama nta iliyoyeyuka, ikitafuta udongo. Huenda ni popo, huenda ni yule mwizi. Mama jirani anasema alipohamia ulikuwa urefu wa kidole. Siku hizi anachambulia dagaa kivulini mwake.