Sabufa Yangu, Besi Yao

Jamani, hivi kuna mtu mwingine aliyenunua sabufa kwa jasho lake halafu besi wakaifaidi wengine? Maana kwangu ndivyo ilivyo. Mke wangu yuko chumbani, mlango kafunga, shuka kajifunika hadi kichwani, na bado anapata besi ya kutingisha meno. Mtoto yuko msalani, anaipata. Mimi mwenye mali, niliyekaa kwenye kochi katikati ya sebule, rimoti mkononi, sipati kitu. Kwenye runinga kifaru kinalipuka, mimi nasikia kama mtu kafunga kabati.

Nikadhani ni ubovu. Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena. Kochini pakawa vilevile, ila kutoka chumbani ikaja sauti: "Baba Asha, nyumba unaijenga au unaibomoa?"

Nikaanza kusoma, na nilichosoma kiliniongezea uchungu. Kumbe sauti ya hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, ile nzito kabisa ambayo sikio linaishia hapo, wimbi lake moja lina urefu wa mita 17 hivi. Sebule yangu ina mita 5! Yaani nimemwalika tembo kwenye banda la kuku, halafu namlaumu tembo kwa kukosa adabu. Wimbi linafika ukutani, linageuka, linarudi, linagongana na wenzake wanaokuja, na wakikutana vibaya wanafutana. Kwa chumba cha mita 5 mkasa huo huanza kwenye hezi 34 au karibu na hapo, na mahali wanapofutana ni wapi? Katikati. Katikati kabisa, kwenye kochi langu, nililolipima kwa futi kamba mwenyewe ili nikae sawasawa kama mfalme. Besi inajaa kule ukutani. Na ukuta huo, upande wa pili, ndio tulioegemeza kitanda.

Eti pia wanasema sauti iliyo chini ya hezi 80 sikio haliwezi kutambua inatoka upande gani. Labda sikio lao. Mke wangu anatoka chumbani gizani na kwenda moja kwa moja hadi kwenye swichi.

Sasa wataalamu wana dawa yao. Unaibeba sabufa unaiweka juu ya kochi, pale unapokaa wewe. Unapiga wimbo wenye besi inayojirudia. Halafu wewe unashuka sakafuni unatambaa kando ya kuta, sikio mbele, ukitafuta mahali ambapo besi inasikika safi, haivumi kama pipa wala haipotei. Ukipapata, hapo ndipo pa kuiweka. Na inafanya kazi kweli, kwa sababu chumba hakijali nani yuko wapi: njia ya kwenda ndiyo njia ya kurudi. Tatizo halikuwa sayansi. Tatizo lilikuwa heshima. Maana nilipofika usawa wa mlango, nikaona viatu. Juu ya viatu, mama mkwe.

"Shikamoo mama," nikasema. Magoti nilikuwa nimeshapiga, kwa hiyo upande huo sikuwa na kosa.

"Marahaba. Umepoteza nini, baba?"

"Besi, mama."

Akaangalia kochi, ambako sabufa ilikuwa imekaa kama mgeni rasmi. Akamwangalia binti yake. Jicho lile mimi nalijua, ni la tangu siku ya posa.

Mahali penyewe nilipopata, msiulize. Ni katikati ya njia ya kwenda msalani. Nikaihamishia kwenye kona, kona ikaipa nguvu kweli, ila kila kitu kikawa "buuum" moja: ngoma buuum, radi buuum, mtu akifunga mlango wa gari buuum.

Wakaniambia nunua ya pili, sabufa mbili husawazisha besi chumbani kuliko moja. Nikanunua. Besi ikapungua! Nusura nilie. Siku tatu baadaye nikagundua ile swichi ndogo ya nyuma, moja iko 0 na nyingine iko 180. Moja ikisukuma hewa, nyingine inavuta. Kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, mmoja ndani, mmoja nje.

Ndipo nikasikia habari za sheka. Hiki ni kidude kama spika iliyonyimwa koni: hakisukumi hewa, kinatikisa uzito uliomo ndani yake, nawe unakifunga kwa skrubu kwenye fremu ya kochi. Besi inakuja kwa mgongo, haipiti masikioni. Nilipomwambia mke wangu nimenunua sheka, yeye akasikia "cheka". Akacheka. Alipoona risiti akaacha.

Sheka inataka amplifaya yake, na inataka uikatie masafa ya juu, ibaki na yale mazito tu. Hilo la kukata nikadhani ni hiari. Basi filamu ikaanza, hakuna mlipuko wala nini, mzee mmoja mwenye sauti nzito anagawa mashamba kwa wanawe, na kila neno linapita makalioni mwangu. Wosia mzima niliusikiliza kwa makalio. Nikashusha hadi hezi 50, mzee akahama.

Akabaki mvumo. Filamu imezimwa, kochi linatetemeka lenyewe. Kumbe amplifaya nimeichomeka ukuta huu na risiva ukuta ule, na waya wa sauti kati yao umegeuka barabara ya mvumo wa umeme. Nikazichomeka soketi moja, ukatulia. Lakini tayari mama mkwe alikuwa amekaa hapo nusu saa, na ameshaniuliza kwa upole kama nadhani presha yake imepanda.

Halafu mtikisiko ukateremka kwa miguu ya kochi hadi sakafuni, na jirani wa chini akapanda ngazi. Nikaweka vipande vya mpira chini ya miguu. Ya kochi.

Juzi usiku, hatimaye. Sabufa zote nimezima, sauti nimeishusha hadi mnong'ono, nimebaki na sheka tu. Mke wangu akatoka, akanikuta gizani peke yangu, kimya, natetemeka.

"Una homa?"

"Kaa hapa uone."

Akakaa. Kwenye runinga treni ikapita, ndefu, ya mizigo. Hakusema neno. Ilipokwisha akaniomba nirudishe nyuma, ipite tena.

Tangu siku hiyo kochi ni lake na mama yake. Mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, mahali ambapo kwa hesabu zangu zote besi haifiki, na kazi yangu ni rimoti.

"Baba Asha, ongeza kidogo, huyu mama hasikii mgongoni."