Nyuzi 3 tu

Mawingu ya barafu, yale membamba kama pamba iliyochambuliwa, hayana heshima mitaani. Hayaleti mvua wala kivuli, nani ahangaike nayo? Ila hupitisha mwanga wa jua halafu huzuia joto la dunia lisitoke. Huku kwetu karibu na ikweta mengine hukaa kilomita 15 juu na zaidi, membamba hata jicho haliyaoni. Unasema leo anga jeupe, kumbe limefunikwa shuka.

Aprili 2006 Marekani na Ufaransa zilirusha CALIPSO, setilaiti yenye leza iliyomulika chini mara 20 kwa sekunde. Mwanga ukigonga wingu, sehemu yake hurudi, na muda wa kwenda na kurudi unakupa kimo. Hapo hakuna maajabu, popo naye hufanya hivyo kwa sauti. Utamu uko kwenye mtetemo. Leza hutoka ikitetema upande mmoja. Tone la maji, mviringo kama gololi, huurudisha mwanga ulivyokuja. Chembe ya barafu ina pembe: mwanga huingia, hugonga kuta za ndani, hutoka mtetemo umegeuka upande. Ndivyo unavyotenga barafu na maji bila kuligusa wingu, na si kazi ndogo, maana huko juu maji huweza kubaki maji hata nyuzi 30 chini ya sifuri.

Sasa kuna vibamba bapa vya barafu ambavyo hushuka vimelala, kama sahani inayozama kwenye karai. CALIPSO ilitazama karibu wima kabisa, basi vibamba vikawa kioo: mwanga ukarudi mkali, mtetemo uleule. Barafu ikajifanya maji! Novemba 2007 leza ikainamishwa kutoka nyuzi 0.3 hadi 3, na kile kioo kikafifia.

Wapo wanaoliona hilo kuwa dosari iliyorekebishwa, yaishe. Mimi naona takwimu za ile miezi ya mwanzo ni mali. Ukiziweka kando ya zile za baadaye, unaona barafu iliyolala iko wapi duniani. Anayezichuja ili grafu yake ipendeze anatupa nazi na kubaki na kifuu.

CALIPSO ilistaafu Agosti 2023. EarthCARE ya Ulaya na Japani ilipopaa Mei 2024, leza yake ilikuwa imepangwa tangu mwanzo kutazama nyuma kidogo, kwa nyuzi 3.