Huyu Ni Mwana wa Nani?

Mwaka jana, baada ya Alasiri, tulikaa barazani kwetu Mkomani, mtaa wa waungwana wa Lamu, kupokea posa ya mpwa wangu. Halua ilishakatwa, dele la kahawa lilikuwa limoto. Mshenga, mzee mwenye ulimi mtamu, alimsifu kijana wake vya kutosha: haikosi jamaa msikitini, hali miraa, ana kazi yake ya mshahara. Ami yangu alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini, akauliza:

"Huyu ni mwana wa nani?"

Akatajiwa baba. Akatajiwa babu. Alipotajiwa baba wa babu, dele likazunguka mara mbili bila mtu kusema neno.

Asiyeijua Lamu ataona ni swali la kawaida, kila mzee huliuliza. Sisi tuliokuwepo tulijua kimya kile kilikuwa cha nini. Jina lile lilikuwa la mtu aliyelima mashamba ya watu kule bara, wala hakuyalima kwa ujira.

Nasikia wengi wakisema itikadi ni mambo ya wasomi: Marx, ubepari, ujamaa, vitabu vinene visivyokwisha. Mimi naona itikadi yenye nguvu hasa ni ile ambayo hakuna anayeiita hivyo. Imo ndani ya swali tunaloliuliza bila kuona haja ya kujieleza kwa nini tunaliuliza.

Uungwana wa Lamu ulikuwa hivyo. Hakuna aliyeuandikia ilani. Uliandikwa kwenye nyumba: kuta za matumbawe na chokaa, daka la kupokelea wageni wasiopita ndani, zidaka za kupangia sahani za Kichina. Kwa desturi nyumba hiyo ilitakiwa iwe ya mwenye nasaba. Mwenye fedha asiye na nasaba alijenga ya makuti, Langoni, upande wa pili wa mji. Hata barazani kila mtu alijua mahali pake pa kukaa, na hakuna aliyehitaji kuonyeshwa. Tuna methali tunayoipenda sana, kwamba mwungwana ni kitendo. Tunaisema kwa sauti, halafu tunauliza jina la babu.

Mwaka 1907 serikali ya Mwingereza ilifuta utumwa kisheria katika ukanda wetu. Mashamba ya bara yakakosa wa kuyalima, mengi yakarudi msitu, na nyumba za wakubwa zikaanza kupukutika chokaa. Mali iliondoka. Swali likabaki.

Aliyelitikisa kweli ni Habib Swaleh. Alikuja kutoka Ngazija katika karne ya 19, sharifu wa kizazi cha Mtume, ukoo wa Jamalilail, mwenye nasaba ambayo hata Mkomani haikuwa na mtu wa kuitilia shaka. Angeweza kukaa nafasi ya mbele na kuoshwa mikono. Akaenda kuwasomesha watumwa na watoto wao, na wageni maskini wa Langoni, elimu ambayo wakubwa wa mji walidhani ni ya watoto wao peke yao. Akaleta na Maulidi ya Kihabshi, yenye matari. Kwa wazee waliozoea Barzanji iliyosomwa kwa utulivu, hii ilikuwa fujo mbele ya Mtume. Lakini wangemwambia nini? Hakuja na maneno ya kigeni wanayoweza kuyakataa. Alikuja na Qur'ani, mapenzi ya Mtume na damu ya usharifu, yale yale waliyokuwa wakiyapandia juu, akayafungulia mlango mwingine. Alifariki katika miaka ya 1930. Leo Maulidi ya msikiti wake wa Riyadha ndiyo fahari ya mji mzima, na wajukuu wa walionuna hugombania safu ya mbele. (Kwamba masharifu nao baadaye wakawa wakubwa wapya, hilo ni la siku nyingine.)

Sasa nikupeleke Nairobi kidogo.

Mwezi Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua zilizouingiza mwambao wa maili 10 uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, pamoja na visiwa vyetu, katika Kenya. Kadhi akaahidiwa kubaki. Miaka miwili haikupita, ukatoka Waraka wa Serikali Namba 10 wa 1965, wa ujamaa wa Kiafrika, ambao mkono wa Tom Mboya unaonekana ndani yake. Jina ni ujamaa, lakini usifikirie ule wa Arusha wa 1967. Waraka ulisema fedha za maendeleo zielekezwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye njia za usafiri na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo.

Isome tena hiyo ya mwisho. Watu walio tayari. Ni swali la ami yangu, ila safari hii linaulizwa nchi nzima, nasi ndio tunaotajiwa babu. Waliokuwa na reli ya Mwingereza wakaongezewa barabara. Sisi tuliokuwa na jahazi tukaachiwa jahazi. Lami ya kutoka Garsen imetufikia juzi tu. Kabla yake, mgonjwa mahututi alivushwa kwa boti hadi Mokowe, na kutoka hapo ilikuwa ni yeye, vumbi na Mungu wake.

Kisha Machi 2012 wakaja Mwai Kibaki, Meles Zenawi na Salva Kiir kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini, na ghafla Lamu ikawa tayari. Neno lilikuwa lile lile, maendeleo. Bandari ikachimbiwa mkondo wavuvi walimokuwa wakitega nyavu, na aliyeuliza atavua wapi akaitwa mpinga maendeleo. Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi walidhulumiwa, ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 nayo ikafutwa. Sidhani wavuvi wale walikuwa wakipinga maendeleo. Walikuwa wakiuliza ni ya nani.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa nimeonewa na serikali na mikono yangu safi. Haiwezekani. Nasi tuna neno letu la kumfunga mtu mdomo: wenyeji. Kuna watu waliozaliwa Mpeketoni, wazazi wao waliletwa na mpango wa makazi wa miaka ya 1970, wana watoto na wajukuu huko, na kwetu bado ni watu wa bara. Juni 2014, watu zaidi ya 60 walipouawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, nilikuwa barazani habari ilipofika. Mtu ninayemheshimu sana aliuliza waliokufa ni wa kabila gani kabla hajauliza ni wangapi. Nami sikumjibu kitu. Nilikunywa kahawa yangu.

Posa ile haikujibiwa siku ile. Mshenga aliambiwa tutauliza, na kwetu tutauliza ni namna ya kukataa bila kuvunja kikombe. Mpwa wangu hakula chakula cha usiku siku mbili, dada yangu akaninunia kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza.

Wiki ya pili ami akaniita kwake. Nilimkuta kakaa peke yake dakani, tasbihi mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa kimya kitambo.

"Yule kijana wa Langoni," akasema, "mshenga alisema ana kazi. Kazi gani?"

"Karani, ami. Yuko bandarini, upande wa mizigo."

"Bandari hii mpya?"

"Hii hii."

Akazungusha tasbihi hadi mwisho. Mwanawe wa mwisho alikuwa amemaliza chuo, ana mwaka mzima nyumbani.

"Mwambie mshenga aje Ijumaa," akasema. "Na umuulize kama wanaandika watu."