Malpighi yupi sasa?

Mpwa wangu yuko kidato cha tano, anasoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Juzi karudi na karatasi ya jaribio, swali moja lina kosa la wino mwekundu utadhani katukana. Ameulizwa vitufe vya Malpighi viko wapi, kaandika kwenye bandama. Mwalimu alitaka figo.

"Mjomba, kwani si vipo?"

Vipo, mama. Tena Marcello Malpighi, daktari wa Bologna, Italia, alivieleza vyote viwili, vya figo na vya bandama, ndani ya kitabu kimoja, mwaka 1666, na vyote akavidhania ni tezi. Waliofuata wakabandika jina lake kila mahali kama bango la kampeni: figo, bandama, tabaka la ngozi, mirija ya mende, hata jamii ya mimea. Figo na mirija ya mende angalau zote zinashughulika na taka. Bandama imeingiaje humo?

Haya, jamaa alistahili heshima, sibishi. Mwaka 1661 aliona kapilari, vile vijishipa vyembamba kabisa vya damu, kwenye mapafu ya chura, miaka 4 baada ya Harvey, yule Mwingereza aliyeeleza damu inavyozunguka mwilini, kufa bila kuziona. Mpeni mtaa, mpeni sanamu. Msinipe mtihani wa kubahatisha.

Jioni tulipita buchani tukanunua bandama ya ng'ombe. Muuzaji akauliza kama ni ya paka. Nyumbani nikaipasua kwa kisu kikali: ndani nyekundu iliyoiva, na humo vidoadoa vyeupe, kama chenga za mchele zimemwagikia damu. Binti akavigusa kwa ncha ya kidole, kanyamaza.

Ndivyo hivyo vitufe vya Malpighi vya bandama. Kila kidoa ni kundi la seli nyeupe limekumbatia kiateri chake, yaani kijishipa kinacholeta damu, linavizia vijidudu vinavyosafiri na damu. Ukimwambia bibi yangu "ni ndugu zake mitoki, ila hawa wanalinda damu," ameshaelewa, kabla hujafika Italia. Ukimwambia Malpighi, atauliza huyo ni mkwe wa nani.

Na vitabu vingi vya siku hizi vinasema tu sehemu nyeupe na sehemu nyekundu ya bandama. Basi! Anayetunga swali akitaka figo, aandike figo. Wino ni uleule.

Karatasi nimeirudisha shule na barua fupi, ya adabu kabisa. Bandama tulikaanga kwa vitunguu na pilipili. Paka alipata kipande.