Mwalimu Anayerudi Kabla ya Muhula Kwisha

Lalamiko lenyewe si geni kwa wakazi wa Kigoma wenye ndugu ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, upande wa Burundi. Wenye shule binafsi za Bujumbura, Rumonge na Makamba husema kwamba mwalimu wa Kiingereza kutoka Tanzania huja kwa unyenyekevu, husaini mkataba wa mwaka, kisha katikati ya muhula wa pili huaga kwamba anakwenda kumwona mgonjwa Kasulu, na harudi tena. Huku nyumbani, Mwanga au Ujiji, mwalimu yuleyule hupokewa kwa maneno yasiyotofautiana sana na hayo: kijana alipata kazi ya nje, akashindwa kuvumilia, sasa amerudi kukaa kijiweni. Ni nadra mwajiri wa Bujumbura na shangazi wa Ujiji kukubaliana juu ya jambo lolote, na pengine ndiyo maana ushahidi wao umepokewa bila kuhojiwa. Mimi mwenyewe nilifundisha huko, nikaumaliza mkataba wa kwanza na nikashindwa kuufikisha mwisho wa pili, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba sizungumzi kama hakimu asiyehusika.

Jinsi tulivyofika hapa inafahamika. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ikaingiza Kiingereza na Kiswahili katika shule za msingi, na mwaka 2014 ikakipa Kiingereza hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Wazazi wa mijini wakaanza kutafuta shule zinazofundisha kwa Kiingereza kabla nchi haijawa na walimu wa kutosha wa lugha hiyo. Upande wetu walimu wamejaa na ajira ni haba: mwanzoni mwa mwaka 2025, walioomba nafasi zipatazo 14,600 za ualimu serikalini walizidi 200,000. Mwenye shahada ya ualimu anayeishi saa chache tu kutoka mpakani hahitaji kushawishiwa sana.

Mwenye shule ana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Yeye hukusanya ada kwa faranga za Burundi kutoka kwa wazazi wanaolipwa faranga. Dola ni adimu nchini humo hata kwa waagizaji wa mafuta na dawa, na haielekei kwamba shule yenye madarasa manane itatangulizwa kwenye foleni hiyo. Mwalimu anapotoweka mwezi wa Februari, darasa la mtihani hubaki mikononi mwa mtu aliyesoma masomo yake yote kwa Kifaransa, na wazazi hudai warudishiwe ada. Tena wapo walimu Warundi waliohitimu Kiingereza Chuo Kikuu cha Burundi au chuo cha ualimu cha École Normale Supérieure, ambao hulipwa pungufu ya mgeni na huketi naye chumba kimoja cha walimu. Wanapouliza kwa nini Mtanzania, aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, ahesabiwe kuwa mjuzi wa Kiingereza kuliko wao, swali lao halina uhasama. Nami naongeza kwa hiari yangu kwamba kumdanganya mwajiri kuhusu mgonjwa wa Kasulu ni kosa, na waliofanya hivyo wametuharibia jina sote tuliofuata.

Hata hivyo wote wanaolalamika huruka kitu kimoja, nacho ni ule mstari wa mkataba unaotaja mshahara kwa faranga na kukomea hapo. Mwaka 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, kutoka takriban 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola moja. Hiyo ndiyo bei rasmi, na tangu hapo haijasogea sana. Lakini mtaani, ambako mtu wa kawaida hupata fedha za kigeni, faranga iliendelea kuporomoka peke yake, na mwaka 2025 dola moja ilipita faranga 7,000. Kwa Mrundi anayelipwa faranga na kununua kwa faranga, huo ni msiba wa kila siku unaompata kupitia bei ya mchele na nauli. Mgeni mwenye mke na watoto Kigoma hupatwa na msiba huohuo sokoni Bujumbura, kisha hupatwa nao mara ya pili siku ya kutuma fedha nyumbani.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa sababu bila hesabu jambo hili husikika kama manung'uniko ya watu wavivu. Tuseme mkataba unataja faranga 900,000 kwa mwezi. Ukizigawa kwa bei rasmi ya 2,900 unapata dola 310, ambazo kwa shilingi 2,600 kwa dola ni zaidi ya shilingi 800,000, na hiyo ndiyo hesabu ambayo mwajiri humwonyesha kijana siku ya usaili. Kijana mwenye akili huulizia Kibirizi, kwenye mwalo wa Kigoma, huambiwa kwamba mtaani dola ni 4,000, hupiga upya na kupata dola 225, yaani kama shilingi 585,000. Anaridhika, kwa kuwa ni bora kuliko kukaa bure, na anasaini. Miezi kadhaa baadaye mtaani dola imefika 7,200. Mkataba haujabadilika hata herufi, mshahara unalipwa tarehe ileile, risiti inasomeka faranga 900,000, na anayepokea fedha Kigoma anapata shilingi 325,000. Hakuna aliyemdhulumu kwa maana ya kisheria. Mwajiri anaweza kuapa kwamba amelipa kila senti, naye atakuwa anasema kweli, huku mwalimu akifundisha vipindi vilevile kwa kiasi kinachozidi kidogo tu nusu ya alichokubali.

Hesabu hii haina mtu wa kuinyooshea kidole, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Mwalimu asiyelipwa anaweza kwenda kushtaki, na anayetukanwa anaweza kujibu. Huyu analipwa kikamilifu na kwa heshima, ila fedha yenyewe inayeyuka kama barafu njiani kati ya Bujumbura na Manyovu. Anapomweleza mwenye shule, huambiwa, kwa haki kabisa, kwamba Warundi wote wanaumia. Akimweleza mkewe kwa simu, huulizwa mbona mwaka jana fedha ilikuwa inatosha na kama huko ana nyumba ya pili. Nimewafahamu walimu wawili ambao ndoa zao zilitikiswa na bei ya dola, ingawa hakuna kikao cha usuluhishi kitakachoandika hivyo.

Wapo wanaoshauri kwamba mwalimu anunue mali kwa faranga akaiuze Kigoma, kama wafanyabiashara wa ziwani wanavyofanya. Ushauri ni mzuri kwa mfanyabiashara. Niliwahi kurudi likizo na madumu mawili ya mawese ya Rumonge, na mke wangu akaniuliza ni nani aliyenituma kuleta mawese Kigoma. Zaidi ya hayo, uhaba wa mafuta ya petroli ulioikumba Burundi katika miaka hii umefanya safari kutoka Bujumbura hadi Mabanda, karibu na mpaka, iwe bahati nasibu. Unaweza kukaa stendi tangu alfajiri ukingoja gari lililokwenda kutafuta mafuta, na nauli utakayotozwa jioni isiwe ile uliyoisikia asubuhi. Mwalimu anayetakiwa kuingia darasani Jumatatu saa moja na nusu hawezi kuiendesha biashara ya namna hiyo bila kuiibia shule muda wake, na akiuiba atakuwa amethibitisha lalamiko lilelile tulilolianza nalo.

Darasani kwenyewe kuna karaha za aina nyingine, ingawa hizo zinavumilika. Mzazi wa Bujumbura humpendelea Mganda au Mkenya, kwa imani kwamba Mtanzania ni mtu wa Kiswahili. Siwezi kusema imani hiyo imetoka hewani. Wengi wetu tunaongea Kiingereza kwa tahadhari ya mtu anayevuka daraja la miti. Lakini mtoto wa Burundi anajifunza Kiingereza akitokea Kirundi, huku Kifaransa kikimvuta pembeni, na makosa yake yana chimbuko. Anaposema 'I assisted the meeting' hamaanishi kwamba aliusaidia mkutano; anamaanisha alihudhuria, kwa kuwa Kifaransa husema 'assister'. Akisema 'actually' akikusudia 'sasa hivi', amechukua 'actuellement'. Akikuelekeza 'library' kununua daftari, usicheke, kwa sababu 'librairie' ni duka la vitabu. Mwalimu wa kigeni asiyejua Kifaransa huyasahihisha makosa haya kila siku bila kujua yanatoka wapi, na nilifanya hivyo karibu muhula mzima kabla mwenzangu Mrundi hajanionea huruma na kunieleza.

Kwa upande mwingine, Muha wa Buhigwe au Kibondo anafika na kipawa ambacho hakuna Mkenya anayeweza kukinunua, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu kiasi cha kusikilizana. Anamwelewa mtoto anaponong'ona nyuma ya darasa. Tena yeye mwenyewe alikutana na Kiingereza kama somo la kigeni, akabadilishiwa lugha ya kufundishiwa kidato cha kwanza, na anakumbuka woga huo. Shule nyingi hazitaki kipawa hicho. Nilipewa agizo la kutotamka neno lolote la Kiswahili wala Kirundi ndani ya uzio wa shule, eti wazazi wasije wakadhani mgeni waliyemlipia ada si mgeni wa kutosha, ilhali kilomita chache kutoka hapo, mtaani Buyenzi, Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na nyumbani. Karaha hiyo haijamrudisha mtu Kigoma. Watu huizungumzia sana kwa sababu ni rahisi kuieleza kuliko bei ya faranga.

Je, mwenye shule angeweza kufanya nini, ikiwa hana dola? Angeweza kuigawa hasara badala ya kumwachia mmoja. Nyumba na chakula vikiwa ndani ya mkataba kama vitu, si kama posho ya faranga, kuporomoka kwa fedha hakuvifikii kwa urahisi. Mshahara ukipitiwa upya kila muhula, kwa mihula mitatu ya mwaka, mwalimu hukadiria umbali wa giza lililo mbele yake. Najua kwamba kuupitia upya maana yake ni kupandisha ada, na kupandisha ada maana yake ni kupoteza baadhi ya wanafunzi. Shule ndogo za Makamba huenda zisiweze. Lakini shule kubwa za mjini, ambazo baadhi yake hupandisha ada zao kwa sababu hiyohiyo ya bei ya dola, haziwezi kudai kwamba mabadiliko yanayomhusu mzazi hayamhusu mwalimu.

Ule mkataba wangu wa pili bado ninao. Kifungu cha mshahara kina mistari miwili. Kifungu cha adhabu kwa mwalimu anayeondoka kabla ya wakati kina mistari saba, na kinamtaka arudishe mshahara wa mwezi mmoja, kwa faranga. Niliaga kwa barua, nikatoa taarifa ya mwezi, kisha nikaenda Kibirizi kununua faranga za kulipia adhabu hiyo. Zilinigharimu shilingi pungufu sana kuliko mshahara wa mwezi wangu wa kwanza. Mhasibu wa shule alizihesabu mara mbili, akaniandikia risiti, akasema kiasi kimetimia.