Uvimbe uliotolewa upelekwe maabara

Makala niliyoisoma inaeleza mama aliyetolewa uvimbe wa titi akiambiwa ni fibroadenoma, si saratani, kisha ukarudi mkubwa kuliko mwanzo. Kwa dada yangu ilikuwa hivyo hivyo, na majibu yakaja: filodesi, uvimbe adimu wa titi, tena yenye saratani.

Mwandishi kapita juu juu hapa. Hii si ile saratani ya matiti tuliyoizoea. Haianzii kwenye mirija ya maziwa bali kwenye nyama inayoishikilia, na filodesi zote kwa jumla, zenye saratani na zisizo nayo, hazifiki asilimia 1 ya uvimbe wa matiti. Ukiushika ni mviringo, unateleza chini ya vidole, mara nyingi hauumi. Hata ultrasaundi na sindano ya kuchukua kipimo vinaweza kudanganyika. Kilichopaswa kutushtua ni kasi: sidiria ilimbana upande mmoja, mwingine ukipwaya.

Tiba kuu ni upasuaji, na lazima daktari akate na nyama nzima kuuzunguka, walau sentimita 1. Akiuchomoa wenyewe tu, ni rahisi kurudi. Tezi za kwapani kwa kawaida haziondolewi, maana ugonjwa huu husafiri kwa damu, hasa kwenda mapafuni. Ndiyo maana kifua kinapigwa picha. Vidonge vya homoni haviusaidii. Mionzi huongezwa kwa baadhi ya wagonjwa.

Kinachoniuma hadi leo: ule wa kwanza tulionyeshwa kwenye beseni, ukatupwa. Haukupimwa. Jamani, ndugu yenu akitolewa uvimbe wowote, ulizeni umepelekwa maabara gani, na mdai majibu kwa maandishi, yakitaja na hali ya kingo, yaani kama ugonjwa umefika ukingoni mwa nyama iliyokatwa.